Mikoko ya Lamu na Hesabu za Makampuni

Mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, Lamu, ungezalisha megawati 1,050. Haujajengwa. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni yake, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka huohuo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikatangaza kuwa haitaufadhili.

Waliouunga mkono walikuwa na hoja. Vijana hapa hawana kazi, na umeme ukikatika barafu ya mvuvi huyeyuka na samaki wake huoza. Hoja hiyo siidharau. Lakini mwekezaji aliyeona mazingira kuwa karatasi ya kugongwa muhuri aligundua kwamba ndiyo yaliyozamisha mtaji wake. Ujenzi wa bandari ya Lamu nao ulitufunza mapema: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.7. Kuwauliza kabla ya kuchimba bahari kungegharimu kidogo zaidi.

Sasa makampuni yanakuja na lugha nyingine. Uhifadhi, yanasema, ni biashara. Kwa Lamu maneno hayo yana uzito, maana zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kwetu, na mikoko huhifadhi kaboni nyingi matopeni. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013, wamekuwa wakiuza kaboni, yaani kulipwa na wanaochafua hewa kwa kaboni ambayo mikoko yao inahifadhi, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 nayo inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka ya miradi ya kaboni inayotegemea ardhi. Hiyo ni fursa ya kweli, na naitaka Lamu iipate.

Ila Gazi ni kijiji na msitu mdogo. Lamu ina wakata boriti, yaani miti ya mikoko ya kujengea, ambao baba na babu zao waliishi kwa kazi hiyo. Dari za nyumba za mji mkongwe zimeshikiliwa na miti waliyoileta. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwaka 2018, hao ndio walioumia kwanza, ilhali si wao waliochafua hewa ya dunia. Mradi wa kaboni ukiwafungia msitu bila kuwapa kazi nyingine, kampuni ya ng'ambo itajiita safi huku gharama ikibebwa na mtu wa Mkunumbi, hapa Lamu. Tena misitu hiyo kisheria ni ya serikali, kwa hiyo hata neno "jamii" katika mkataba linaweza kuishia mfukoni mwa wachache wanaojua kusaini.

Wanaosema biashara ya kaboni ni utapeli mtupu wanapita kiasi, kwa maoni yangu. Gazi ipo. Lakini kampuni inayotaka kuaminiwa Lamu ije na rasimu ya mkataba kwa Kiswahili, isomwe barazani kabla haijasainiwa, wakata boriti na wavuvi wa kaa wakiwa wamekaa mbele. Na ionyeshe kifungu kinachojibu swali hili: miaka ile ambayo miti inakua na kaboni bado haijauzwa, mkata boriti atalipwa na nani?