Nani Amwambie Mpiga Picha Kwamba Picha Imekataa?

Wapiga picha chipukizi wa Dodoma wamegawanyika, na mgawanyiko wenyewe hauhusu aina za kamera. Wapo wanaosema picha mbovu iitwe mbovu hapo hapo, mbele ya wenzake aliyeipiga, maana ndivyo watu wanavyojifunza. Wapo wanaosema hapana: msifu, mtie moyo, na kama kuna neno zito mvute pembeni. Nimekaa na makundi yote mawili, kwenye vivuli vya Nyerere Square na kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo, na naegemea upande wa kwanza. Lakini upande wa pili una hoja moja ambayo sisi huwa tunairuka. Nitaifikia.

Tuanze na sifa. Chukua picha ambayo karibu kila mwenye kamera mjini hapa anayo ya aina yake: mama wa Kigogo anapiga muheme, ngoma kaibana mapajani, mikono iko juu, shanga zinaruka. Imepigwa karibu saa saba mchana, mwanzoni mwa Machi, jua la Dodoma likiwa limesimama utosini. Mikono imekaa vizuri kabisa. Uso hauonekani; ni doa jeusi, na nyuma yake anga jeupe pe. Wenzake aliyeipiga wanaitazama. "Kali sana mkuu!" "Umeua!" Anaondoka na furaha yake, na safari nyingine anarudi na doa jingine.

Sababu ya doa hilo inajulikana. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kilichomo kwenye fremu, ukikichanganya chote, kinatoa kijivu cha wastani, kile kinachoakisi takriban asilimia 18 ya mwanga. Anga jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inaubana, na anayeumia ni uso, hasa uso wenye ngozi kama zetu. Dawa zipo. Pima mwanga kwenye uso wenyewe, au iambie kamera iongeze mwanga kwa hatua moja hadi moja na nusu (hatua moja ni mwanga mara mbili), au piga flashi kidogo ya kujaza kivuli. Au panda juu ya kiti, ili nyuma ya mama paonekane udongo badala ya anga. Hakuna hata moja kati ya hizo utakayoipata ndani ya "kali sana".

Hapo ndipo wenzangu wapenda ukweli wanapoitoa methali ya mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Sawa, ila mgema anayetukanwa kila asubuhi naye anaweza kushuka mnazi asipande tena. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichambua kwa pamoja tafiti nyingi kuhusu maoni anayopewa mtu juu ya kazi yake, jumla ya matokeo 607. Kwa wastani maoni yalisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo, kazi ilidorora baada ya mtu kupewa maoni. Maelezo yao ni kwamba maoni hupoteza nguvu kadiri yanavyoyahamisha mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi kwenda kwenye nafsi yake.

"Uso umezama gizani" ni habari ya kazi. "Wewe huna jicho" ni habari ya nafsi. Ila tusisherehekee mapema, kwa sababu "wewe ni fundi bwana" nayo ni habari ya nafsi. Kumbe mkali na msifiaji wanaweza kukosea kosa lile lile.

Stacey Finkelstein na Ayelet Fishbach, katika utafiti wao wa mwaka 2012, waliongeza jambo jingine: wanaoanza hutafuta zaidi kuambiwa walichopatia, waliobobea hutafuta zaidi kuambiwa walichokosea. Anayeanza bado anajiuliza kama kamera ni mambo yake. Mzoefu alishalimaliza swali hilo, anataka kujua amebakiza nini. Nikiangalia wenzangu wanaobishana, naona wengi wa upande wa "sema ukweli" wamepiga picha miaka mingi, na wanadai kila mtu apewe dawa wanayoitaka wao.

Sasa ile hoja tunayoiruka. Ni pesa.

Dodoma mpaka kati ya anayejifunza na anayelipwa ni mwembamba mno. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, watu wameongezeka, na shughuli nazo: semina, mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), send-off, kitchen party. Kijana aliyeazima kamera Jumamosi ili ajifunze, Jumapili ameshapokea advansi ya harusi. Picha zake ndizo tangazo lake. Ukisema mbele za watu kwamba ngozi zimekuwa za rangi ya chungwa, kwamba huyu hajui kuediti, anayesikia si mwanafunzi mwenzake peke yake. Shangazi wa bibi harusi naye yupo. Hapo hujamfundisha kitu, umemwondolea riziki. Na mara nyingine mkosoaji mwenyewe anauza huduma ile ile, tena kwa bei ya juu kidogo. Ukiuchunguza huo utaalamu wake, ni vita ya wateja tu.

Kwa hiyo nakubali: kazi ya mteja ikosolewe faragha. Lakini picha iliyoletwa kwenye kikao cha kujifunza ijadiliwe na wote, kwa sababu neno la pembeni linamfundisha mmoja na wengine wanabaki na madoa yao.

Tatizo la umri nalo huwa linatajwa: kijana atamkosoaje mzee? Nilimwona binti mmoja mwanafunzi akilimaliza kwa sentensi mbili. Mzee, mpiga picha tangu enzi za filamu, alikuwa anatuonyesha picha ya mjukuu wake chini ya mbuyu.

"Shikamoo mzee. Samahani, hapa ulitaka tumwangalie mtoto au mbuyu?"

"Marahaba. Mtoto. Kwani wewe umeangalia nini?"

"Mbuyu, mzee."

Mzee akacheka, akaikata picha kingo pale pale kwenye simu, mtoto akakua. Mtunzi wa dansi wa Marekani Liz Lerman alibuni mwaka 1990 utaratibu wa kujadili kazi za sanaa ambao unapita karibu na hapo: maswali yasiyo na hukumu hutangulia maoni, na maoni yenyewe hutolewa kwa ruhusa ya mwenye kazi. Binti yule sidhani kama aliutoa kwa Lerman. Ni malezi. Ila maswali nayo yana kikomo. Macho yakiwa nje ya fokasi, usimzungushe mtu, mwambie.

Na tusibebeshe mikono ya mtu lawama za kifaa. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa "Shirley", na ngozi nyeusi ndizo zilizogharamia. Leo simu nyingi hulainisha na kung'arisha uso bila kuombwa. Kabla hujamwambia mtu hajui rangi, muulize kama ule urembo wa simu ameuzima.

Kanuni ya theluthi, ile ya kuigawa fremu mara tatu na kumweka mhusika kwenye mistari badala ya katikati, sitaigusa sana. Inasaidia, lakini kuna watu wameigeuza fimbo, na mbuyu uliosimama katikati ya fremu haujamkosea mtu.

Kuna picha moja tu ambayo kwangu haingoji ruhusa wala faragha: ile inayomdhalilisha aliyepigwa. Mtoto amejikojolea kwenye foleni ya maji, uso wake wazi, na maelezo ya kuchekesha chini yake. Wenzangu wa upande wa pili wanasema hata hapo mpigaji avutwe pembeni, asiaibishwe. Sikubaliani nao. Picha iko mbele za watu, na mtoto hayupo kikaoni kujisemea. Aitoe kwanza, habari za mwanga tutaziongea baadaye.