Paa Likishuka, Linaenda Wapi?

Mtu wa Nakuru akitaka kubadilisha paa, bei ya mabati mapya anaijua kama namba yake ya simu. Anaijua kwa geji, yaani unene wa bati, kwa rangi, kwa futi. Muulize mabati ya zamani yataenda wapi: ataangalia juu kana kwamba yatapaa yenyewe. Karatasi ya fundi ni hivyo hivyo. Mbao ipo, misumari ipo, kofia ya paa, gata, ufundi. Kubeba takataka hakumo. Kazi ya fundi ni ya juu. Kilichoanguka chini ni chako na mama watoto.

Kule Marekani wanakodi sanduku la chuma, linaachwa langoni siku kadhaa wakijaza polepole. La yadi 20 linameza kama mita 15 za ujazo. Huku kwetu sanduku ni kanta, lori dogo la kukodi, na kanta haiachwi. Ikikaa lisaa limoja utingo anaanza kutazama jua. Likiisha la pili dereva anataja pesa ya kusubiri. Kwa hivyo usiite gari siku ya kung'oa. Ng'oa kwanza, panga, kisha piga simu. Hili linajulikana na kila mtu, na bado kila mtu huita gari asubuhi fundi akiwa bado anakunywa chai.

Sasa hesabu. Bati la mita 3 la geji 30 lina kilo kama 6. Mabati 60 hayafiki hata kilo 400, na kanta ya tani 3 haitasikia chochote. Shida ni umbo. Fundi akiwa juu anapenda kurusha, kwa sababu kurusha kuna sauti na kunaonyesha kazi inaendelea. Bati likitua kwa kona linakunjika kama chapati ya juzi, na makunjo 20 hujaza bodi nzima ya kanta. Hapo unalipa tripu mbili kubeba hewa. Weka kijana mmoja chini apokee, mwenye glavu, si zile soksi kuukuu. Ang'oe misumari kwa nyundo ya makucha, alaze mgongo juu ya mgongo. Rundo lote litaishia kimo cha goti. Kisha kamba, na turubai juu, kwa maana bati likiinuka kwenye barabara kuu halichagui kioo cha matatu wala kichwa cha mwenye boda.

Vigae vya saruji ni kinyume. Kimoja kina kilo 4 na ushee, na mita moja ya mraba inakula 10. Paa la mita 100 za mraba ni zaidi ya tani 4, kabla hujazoa ile saruji ya kofia. Bodi itaonekana nusu tupu na springi zimeshalala. Dereva atakwambia, "Itabeba tu, boss." Huyo ndiye utakayemwona mlimani akiwa ameweka majani barabarani. Kubali tripu mbili, na vigae vitandazwe bodi nzima, visirundikwe nyuma.

Ukikuta shuka nzito za kijivu zinazofanana na saruji, zenye mawimbi, nyumba ikiwa ya zamani, shusha ngazi. Hiyo huenda ni asbestosi. Haivunjwi, haikatwi, haifagiliwi ikiwa kavu, wala haipewi jirani atengeneze choo. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinaiweka kwenye taka hatari: inashushwa na kubebwa na watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikiwa imeloweshwa na kufungwa kwenye nailoni nzito. Ni ghali, ndiyo. Lakini uzi wake ukiingia kwenye mapafu hautoki, na hakuna fundi anayeung'oa kwa nyundo ya makucha.

Dari nayo ina siri zake. Popo wamekaa humo bila kulipa kodi miaka kumi, na kinyesi chao kikavu kikipeperuka kinaweza kuwa na kuvu wanaodhuru mapafu. Nyunyiza maji kwanza, vaa barakoa, tia kwenye gunia, funga. Vumbi Nakuru tunalo la kutosha. Hatuhitaji la popo.

Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa au oili chafu usimpe mama wa githeri. Moshi wake una sumu. Zilizo safi, ng'oa misumari ziende jikoni.

Mabati mazima yana wenyewe tayari. Kabla hujamaliza kushusha, shangazi wa Njoro ameshasikia na ana banda la kuku lisilo na paa. Mpe, ni tripu umeokoa. Yaliyotoboka peleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu mwenye leseni, naye hununua kwa kilo, kwa hivyo nenda ukaone mizani kwa macho yako.

Tukifika kwa misumari ndipo watu hulia. Bati moja lina kama misumari 16. Mabati 60 ni karibu misumari 1,000, na nusu iko kwenye nyasi ikingoja tairi la mwalimu wa Sunday school. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge kamba, iburute uani mara mbili, ya pili ukikata njia ya kwanza. Usisahau chini ya gata.

Na dereva, mwambie kabla hajawasha injini ni wapi anamwaga, nani analipa ada ya jaa, na kwamba malipo ya mwisho yanatolewa akileta risiti. Bila hivyo paa lako litapatikana kando ya Mto Njoro, na mvua ikinyesha litaelekea ziwani kuwasalimia flamingo.

Kisha kanta inafungwa, turubai linakazwa, na mlango wa jirani unafunguka. Anatoka na kochi lenye mguu mmoja. "Si mnaenda tu upande ule?" Utingo anakutazama wewe, si yeye. "Boss, kochi si paa. Hiyo ni tripu nyingine."