Baba Aliyepiga Hodi Nyumbani Kwake

Song Hai anarudi kijijini kwake Gansu, kaskazini-magharibi mwa China, baada ya miaka mitano ya vibarua mjini. Anakuta alishakufa. Mkewe aliugua akafariki yeye akiwa mbali, na mwanawe Yongtao alimwandikisha kuwa marehemu. Mtu mzima kasimama uani kwake, anapumua, ana njaa ya safari, na kwa serikali hayupo.

Hivyo ndivyo inavyoanza filamu ya Cai Shangjun ya mwaka 2007 ambayo jina lake la Kichina ni Kombaini Nyekundu. Wachina wamelichukua neno lilelile tulilolichukua sisi: kwao ni *kangbaiyin*, kwetu Hanang kwenye mashamba ya ngano ni kombaini, ile mashine kubwa ya kuvuna. Niliposikia hivyo nilijisogeza karibu na kioo, nikajua hawa watu nitawaelewa.

Niliowaonyesha filamu hii wote wamemlaani Yongtao. Mtoto gani anamzika baba yake akiwa hai? Mimi nipo upande wa kijana, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, Yongtao hakufanya jambo la ajabu kisheria. Sheria ya kiraia ya China ya mwaka 1986 iliruhusu ndugu wa mtu aliyetoweka kwa miaka 4 bila habari kuiomba mahakama itangaze kuwa amefariki. Akijitokeza, anaweza kuomba tangazo lifutwe. Sheria yenyewe ilishajua kwamba wapo watakaorudi. Miaka mitano ya Song Hai inapita kipimo hicho. Lakini jambo ambalo karatasi haina namna ya kulifuta ni mama kulala kitandani, mtoto akamwangalia peke yake mpaka mwisho. Kijana aliandika kwenye daftari la serikali kitu ambacho ndani ya nyumba kilikuwa kweli tayari.

Halafu kuna hilo daftari lenyewe. Tangu mwaka 1958 kila Mchina ameandikishwa mahali, mjini au kijijini, kwa utaratibu wanaouita *hukou*. Mkulima akienda kujenga maghorofa mjini, jina linabaki shambani. Miaka hiyo ya filamu, kumwingiza mtoto kwenye shule ya serikali mjini au kupata matibabu kama wenyeji kulikuwa shida kubwa kwa mtu wa namna hiyo, kwa hiyo mtoto aliachwa kwa mama, au kwa bibi na babu. Mwaka 2009 takwimu za serikali zilihesabu watu wapatao milioni 145 wa vijijini waliokuwa wakifanya kazi nje ya maeneo yao. Sitaki kumtupia Song Hai mzigo wote. Mji uliuhitaji mgongo wake, familia yake haukuihitaji. Ila mtoto wa kijijini halioni daftari wala sera, anaona kiti kitupu.

Baba yangu alikwenda Geita kwenye dhahabu nikiwa na miaka minne. Alirudi nikiwa na kumi na moja. Siku hiyo nilikuwa napepeta mahindi barazani, ungo mapajani, nikasikia mtu langoni anasema, "Hodi." Nikainua uso. Mwanaume mwembamba, begi la nailoni la bluu, zipu imefungwa kwa waya. Nikamwamkia kama nilivyofundishwa kumwamkia mgeni yeyote: "Shikamoo. Mama hayupo, ameenda kisimani." Akaitikia, "Marahaba," akakaa kwenye gogo nje ya lango. Alingoja pale mpaka mama alipofika na ndoo kichwani. Hakuniambia yeye ni nani. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Nadhani aliona kwamba hana haki ya kuniambia.

Ndiyo maana Song Hai simchukii pia. Yao Anlian anamwigiza kwa mabega zaidi kuliko kwa mdomo, mtu aliyezoea kupokea amri na ambaye sasa hajui aanze wapi kuwa baba. Lu Yulai, kijana wake, ana ule ukimya wa mtoto aliyekwisha kusema yote moyoni. Wanapotazamana utadhani wamekutana stendi.

Filamu inaniteka pale wanapoingia kazini. Ngano imeiva, baba na mwana wanaifuata kombaini kutoka shamba hadi shamba. Zamani, kabla mashine hazijaenea, watu wa Gansu walisafiri na mundu zao kuelekea mashariki, mashamba ya Shaanxi ambako ngano huiva mapema, kisha wakavuna wakirudi polepole kwao kadiri ilivyokuwa inaiva. Waliitwa *maike*, wageni wa ngano. Wageni! Tena wenye kazi. Nasi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimeusikia msemo huu ukitumiwa kumfukuzia mtu anayekula bure, lakini nikiwatazama Song Hai na Yongtao kwenye vumbi la makapi nauona kwa sura nyingine: mtu ukimpa jembe umemwambia kwamba unamhesabu.

Wapo watakaolalamika kwamba filamu inakwenda taratibu, hawa wawili hawakai chini wakayamaliza. Kwangu huo ndio ukweli wake mkubwa. Msamaha wa maneno ungekuwa rahisi mno kwa miaka mitano na kaburi moja. Kufanya kazi bega kwa bega kunampa kijana kitu ambacho pesa za baba zisingeweza kumpa: kumwona akichoka, akikosea, akiwa bado yupo kesho yake asubuhi. Na hata hivyo hakitoshi. Filamu haidanganyi kwamba kinatosha.

Cai amelitafuna jambo hili muda mrefu. Kabla ya kuongoza filamu yake hii ya kwanza alikuwa mwandishi wa miswada ya filamu pamoja na mwongozaji Zhang Yang. Kwenye *Shower* ya mwaka 1999 kijana anarudi kutoka kusini kwa baba yake mwenye bafu la umma Beijing. Kwenye *Sunflower* ya mwaka 2005 baba anarudi kutoka kambi ya kazi za sulubu, mtoto hamjui. Mara tatu mtu anarudi, mara tatu anayekaa nyumbani hana la kumwambia. Hii ya tatu ndiyo iliyonigusa kuliko zote, labda kwa sababu ya ngano.

Baba aliendelea kupiga hodi. Akitoka dukani, hodi. Akitoka kuoga mtoni, hodi, na mama alikuwa akimjibu "karibu" kwa sauti ileile aliyowajibu majirani. Msimu wa palizi tulipewa mistari ya mahindi iliyokaribiana, yeye wake na mimi wangu. Alikuwa na mkono mwepesi kuniliko, akifika mwisho anageuka na kuanza kupalilia mstari wangu kutoka upande wa pili, bila kusema kitu, tukakutana katikati. Kuna siku aliingia uani, jembe begani, akapita moja kwa moja mpaka jikoni akachota maji mtungini. Mama aliacha kukuna nazi akaniangalia.

Sikumbuki ilikuwa mwezi gani. Nakumbuka mlio wa kata ikigonga mtungi.