Bendi ikisaini lebo kubwa, ukumbi mdogo uifungie mlango? Kesi ya Gilman

Kuna ugomvi kwenye muziki wa punk ambao una zaidi ya miaka 30 na mpaka leo ukiugusa watu wanawaka. Kule Berkeley, California kuna ukumbi mdogo unaitwa 924 Gilman, yaani ni namba ya jengo na jina la mtaa basi, hawakujisumbua kutafuta jina lingine. Ukumbi huu uliweka sheria kwamba bendi ikishasaini na lebo kubwa, yaani kampuni kubwa ya kurekodi na kuuza muziki, haipigi tena pale, hata kama mmekulia kwenye steji hiyo hiyo na mlikuwa mnafagia wenyewe baada ya shoo. Waliokumbwa na hiyo sheria wakajulikana dunia nzima ni bendi ya Green Day. Swali ni lile lile kila mwaka: ilikuwa haki, au ni roho mbaya tu iliyovaa koti la siasa?

Mimi niliingia huko kwa kupitia ska, muziki wa Jamaika wa kuruka, sio punk, kwa hiyo naomba nianze na ukumbi wenyewe kwanza maana wengi wanabishana kuhusu sheria bila kujua ule mlango ulikuwa unaendeshwaje.

Gilman ilifunguliwa tarehe 31 Desemba 1986, na mmoja wa waliousukuma sana ule mpango ni Tim Yohannan wa jarida la Maximum Rocknroll. Miaka ile ulilipa dola 2 za kadi ya uanachama kwa mwaka, ukalipa kiingilio kidogo, ukaingia. Hakuna pombe, hakuna madawa, hakuna ngumi, hakuna ubaguzi. Wa mlangoni, fundi mitambo, wa kufagia, wote wanajitolea, na mambo yanaamuliwa kwenye kikao cha wanachama. Sasa sisi tuliozoea kwamba bendi ni kisingizio tu cha kuuza bia tutauliza, hapo hela inatoka wapi? Jibu ni kwamba haitoki kwingine, inatoka mlangoni. Ukumbi wa kawaida unaishi kwa baa, kwa hiyo hata bendi ikivuta watu wachache bado kuna waliokunywa. Pale Gilman kile kiingilio ndicho kinalipa pango na umeme na vyombo, kinachobaki wanagawana bendi nne au tano zilizopiga usiku ule, na kama kuna bendi imetoka mbali inaongezewa kidogo ya mafuta ya gari. Ndo hivyo, hakuna mfuko mwingine.

Na hii ya kukosa pombe watu wanaipita haraka wakati ndiyo yenye uzito kuliko zote. Marekani huruhusiwi kunywa mpaka ufikishe miaka 21, na klabu nyingi zenye baa hazitaki hata kukuona mlangoni kabla ya hapo. Billie Joe Armstrong na Mike Dirnt wa Green Day wote ni wa 1972. Fanya hesabu: mwaka 1989 walikuwa na miaka 17. Kwenye klabu ya kawaida hawaingii hata kama watazamaji, achilia mbali kupanda steji, lakini pale walipiga mpaka wakaiva.

Halafu kuna kichekesho ambacho mashabiki wa ska tukikikumbuka tunacheka wenyewe. Ska ilitokea Kingston, Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 50, na ilibebwa na wenye sound system, zile spika kubwa za kupiga muziki kwenye dansi za mtaani, na dansi zile faida yake kubwa ilikuwa vinywaji. Duke Reid, mmoja wa vigogo wa enzi hizo, alikuwa na duka la pombe na mkewe, Treasure Isle, na studio yake ikaja kukaa juu ya hilo hilo duka! Wanamuziki nao walilipwa hela yao ya siku wakaenda zao, nyimbo zikabaki za bosi. Kwa hiyo muziki uliozaliwa kaunta ya pombe na mikono mwa wafanyabiashara ndio huo huo uliokuja kupigwa kwenye ukumbi usio na tone la bia na usiotaka kusikia habari ya wafanyabiashara. Sisemi ni unafiki, nasema tu kwamba anayekuambia ska "halisi" haijawahi kugusa biashara anakupiga kamba.

Haya, bendi iliyounganisha ska na punk pale Berkeley ni Operation Ivy. Jina wamelitoa kwenye majaribio ya bomu la haidrojeni ya Marekani mwaka 1952. Walianza 1987, vijana wanne, hawana tarumbeta wala tromboni, lile gitaa tu linakatwa katikati ya mapigo, moja-NA-mbili-NA, halafu ghafla mpiga dramu anakanyaga mafuta na wimbo unageuka punk kabisa. Kwa mtu aliye chini pale tofauti anaiona kwenye miguu ya watu. Kipande cha ska kikianza kila mmoja anaruka mahali pake, magoti juu, viwiko vinazunguka, hata mgeni anaweza. Punk ikiingia duara linafunguka katikati na watu wanaanza kugongana, na aliyeanguka anainuliwa na wale wale waliomwangusha. Kwenye steji fupi isiyo na uzio, mwimbaji akiinamisha maiki tu mashabiki wanaimba badala yake. Hiyo kitu ina saizi yake. Ikizidi watu mia chache inakuwa kitu kingine.

Tarehe 28 Mei 1989 Operation Ivy walipiga shoo yao rasmi ya mwisho pale pale Gilman, ukumbi ukafurika kupita uwezo wake, na kati ya bendi za usiku ule walikuwemo Green Day, ambao ndo kwanza walikuwa wameacha jina la Sweet Children. Albamu ya Operation Ivy, Energy, ilitoka mwaka huo huo kupitia lebo ndogo ya hapo hapo, Lookout, na bendi ikawa imeshakufa. Kwa hiyo ile mitihani ya lebo kubwa hawakuifanya kama bendi. Waliachwa wafanye wadogo zao.

Green Day walisaini na Reprise, ambayo ni ya Warner, mwaka 1993. Albamu yao Dookie ikatoka Februari 1994 na Marekani peke yake imeuza zaidi ya nakala milioni 10. Gilman: mlango umefungwa. Mwaka 1995 jamaa wakaweka kwenye albamu iliyofuata wimbo kuhusu kurudi ulikotoka na kuambiwa hapa huna nafasi, kwa hiyo kama kuna mtu anadhani hawakuumia, waliumia.

Upande wa kuutetea ukumbi, hoja ninayoiona na nguvu zaidi sio ile ya usafi wa moyo. Ni ya ukubwa wa chumba. Septemba 1994 Green Day walipiga shoo ya bure Boston, uwanja wa wazi wa Hatch Shell, umati unakadiriwa ulizidi watu elfu 60, hakuna aliyejipanga kwa idadi hiyo, wakapiga nyimbo chache tu vurugu zikaanza na shoo ikakatwa, polisi wakaingia, watu wakakamatwa. Sasa chukua hao hao uwaweke kwenye jengo la pembeni ya barabara Berkeley lenye volontia wawili mlangoni na majirani ambao tayari wanalalamika kelele. Ikitokea fujo usiku mmoja, ukumbi unafungwa na bendi za watoto wa miaka 15 zinakosa pa kupiga. Kwa jicho hilo sheria ilikuwa kama bima.

Na kuna la pili ambalo wapinzani wanalidharau. Ukumbi ukishakuwa na jina la kuzalisha mastaa, wawakilishi wa lebo wanaanza kuja na kusimama nyuma mikono mfukoni, na bendi zinaanza kupiga kwa ajili ya wale wa nyuma badala ya wale wa mbele. Usiku wa bendi tano unageuka usaili wa kazi. Ile sheria ilikuwa inawaambia mapema, kama mnatafuta mkataba, hapa sio ngazi yenu. Sio kila mtu lazima aipende lakini mantiki ipo.

Ila upande wa pili nao una hoja nzito, na mimi kwa kiasi kikubwa naegemea huko.

Kwanza, mwanamuziki analipa kodi ya nyumba. Kumwambia kijana wa miaka 21 asiye na hela kwamba abaki anagawana kiingilio cha dola chache na bendi nyingine nne mpaka azeeke, wakati wewe mwenyewe mchana una kazi yenye mshahara, hiyo ni rahisi kusema. Pili, hiyo imani kwamba lebo ndogo ni rafiki na kubwa ni adui haikusimama. Lookout, ile lebo ya nyumbani iliyowatoa wote hawa, ilikuja kushindwa kuwalipa wasanii wake: mwaka 2005 Green Day wakaondoa albamu zao za mwanzo kwa sababu ya malipo ambayo hayakufika, mwaka uliofuata Operation Ivy nao wakaondoka na Energy. Yaani muziki uliopigwa kwa kujitolea kwenye ukumbi wa kujitolea, hela yake ikaishia kupotelea kwa washkaji. Kuibiwa na kampuni unakutarajia, kudhulumiwa na aliyekuwa anakaa na wewe mlangoni inauma zaidi.

Tatu, ujumbe. Mwaka 1979 kule Coventry, Uingereza, Jerry Dammers wa bendi ya The Specials alianzisha lebo ya ska ya 2 Tone, weusi na weupe kwenye bendi moja wakati wabaguzi wanatembea mitaani kifua mbele, lakini kazi ya kusambaza ilifanywa na Chrysalis, kampuni yenye pesa na mtandao. Novemba mwaka ule kipindi kimoja cha Top of the Pops kiliwaonyesha The Specials, Madness na The Selecter kwa pamoja, kwenye televisheni, sebuleni kwa watu ambao wasingekanyaga klabu ya ska maisha yao yote. Kama Dammers angeng'ang'ania kubaki kwenye vyumba vya watu mia mbili, nani angeisikia?

Lakini kilichonifanya mimi nione ile sheria ilikuwa na kasoro ndani yake ni usiku wa Mei 1994. Jello Biafra, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya punk ya Dead Kennedys, alikwenda Gilman kama mtazamaji tu, akavamiwa na watu waliokuwa wanamwita staa aliyejiuza, wakampiga mpaka akaumizwa mguu vibaya. Biafra! Mtu ambaye hakuwahi kuhamia lebo kubwa, aliyekuwa na lebo yake mwenyewe huru, Alternative Tentacles, tangu 1979. Kwa maana nyingine hata ukiisoma sheria ya Gilman neno kwa neno hakuwa na kosa. Na ukumbi una sheria ya kutopigana! Najua waliofanya vile sio kikao cha wanachama, hilo niliseme wazi, ukumbi haukuwatuma. Ila ukishaandika ukutani kwamba saini ya mkataba inamfanya mtu awe mchafu, kuna wahuni hawatasoma mkataba, watatosheka na sura. Sheria ya mlangoni ikageuka hukumu juu ya watu.

Wapo watakaosema basi tazama bendi ya Rancid. Ni kweli, huo ndio mfano mzuri wa wanaoitetea sheria: Tim Armstrong na Matt Freeman, wale wale wa Operation Ivy, lebo kubwa zikawafukuzia kwa hela nyingi baada ya Green Day kulipuka, wakakataa, wakabaki na lebo huru ya Epitaph, na albamu yao ya 1995 yenye ska ya kutosha ikauza mpaka ikapata platinamu, yaani nakala milioni moja Marekani. Kwa hiyo inawezekana, sawa. Ila tusisahau Epitaph kufikia hapo ilikuwa imeshauza mamilioni ya nakala za bendi ya The Offspring mwaka mmoja kabla, ilikuwa na uwezo ambao lebo nyingi huru haziuoti. Na kwa hoja ile ya ukubwa wa chumba, Rancid wa 1995 hawakuwa hatari ndogo kuliko bendi ya Reprise inayouza nakala elfu kumi. Sheria inawaruhusu wa kwanza na kuwazuia wa pili. Hapo ndo inaonyesha haikuwa inapima kile ilichodai kupima.

Mwezi Mei 2015 Green Day walirudi wakapiga pale, shoo ya kuchangia wachapishaji AK Press na kiwanda cha uchapaji cha 1984 Printing, vilivyoharibiwa na moto Oakland miezi miwili nyuma. Hawakuja kujaza mifuko yao, na hela ikaenda kwa wachapishaji wa vitabu vya wanaharakati, watu ambao Yohannan, aliyefariki 1998, asingewakataa.

Kama mimi ningekaa kwenye kile kikao cha wanachama ningepiga kura kufuta neno "lebo" kabisa na kuweka maswali ya fundi mitambo na mtu wa mlangoni: mnakubali kiingilio cha kawaida? Mnakubali kupiga wa tatu kati ya watano bila tangazo la wiki tatu kabla? Mnagawana hela ya mlangoni sawa na wengine, hamji na mabaunsa wenu, na mtabaki kusikiliza bendi ya mwisho? Bendi ya Warner ikijibu ndio kwa yote iingie, na bendi isiyo na lebo yoyote ikigoma kugawana hela ya mlangoni ikatafute baa.