Nukta za kaboni: anza na mfuko, hadubini baadaye

Picha ya seli za HeLa (seli za saratani zinazokuzwa maabara) zenye madoadoa ya buluu haithibitishi kwamba nukta za kaboni, yaani chembe ndogo mno za kaboni zinazong'aa, zimefika kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Mara nyingi haithibitishi hata kwamba kinachong'aa ni nukta za kaboni. Kwa maoni yangu kosa huanzia kwenye meza ya kemia, seli zikiwa bado hazijaguswa.

Chukua njia iliyozoeleka: asidi ya sitriki takriban gramu 1, ethilenidiamini mikrolita 335, maji mililita 10, vyote ndani ya chombo cha shinikizo chenye kikombe cha Teflon, nyuzi 200 kwa saa 5. Kinachotoka huwaka buluu kali chini ya taa ya urujuanimno. Lakini humo mna pia IPCA, molekuli ndogo inayong'aa rangi hiyohiyo. Asiyeitenga amewauzia wasomaji wake mbuzi kwenye gunia.

Tumia mfuko wa dayalisisi wa daltoni 1,000, unaopitisha molekuli ndogo na kubakiza chembe kubwa, na ubadilishe maji mara kwa mara. Usiache kwa sababu tu saa 24 zimetimia. Acha pale maji ya nje yasipong'aa tena chini ya taa ya nanomita 365. Kisha pima upya mng'ao wa kilichobaki mfukoni. Ukiporomoka, sifa nyingi zilikuwa za IPCA.

Buluu nayo ina balaa lake. NADH, molekuli ya umetaboli iliyomo ndani ya kila seli, hung'aa karibu na nanomita 460, palepale zinapong'aa nukta hizi. Seli zisizowekewa kitu zipigwe picha kwa nguvu ileile ya leza na mipangilio ileile ya kipokezi, la sivyo unapiga picha ya umetaboli.

Nukta zikishaingia kwenye seli, zimeingiaje? Weka seli kwenye nyuzi 4 kwa nusu saa, ongeza nukta, ulinganishe na nyuzi 37. Zikiingia kwenye joto tu, huenda zimemezwa na utando, na safari hiyo huishia kwenye lisosomu, kifuko cha seli cha kumeng'enyea vitu, penye pH ya 4.5 hadi 5. Kutangaza "nukta zinazolenga lisosomu" kwa ushahidi huo ni kumsifu mgeni kwa kufika sebuleni.

Mitokondria inadai zaidi. Nukta zilizofungwa trifenilifosfoniamu, yenye chaji chanya, huvutwa na chaji hasi ya ndani ya mitokondria, kwa hiyo ukiweka kemikali ya FCCP mikromola 10 ili kuivunja chaji hiyo, mng'ao wa mitokondria unapaswa kupungua au kutawanyika. Usipobadilika, nukta zimeganda mahali pengine. Tena, nukta nyingi za kaboni hutoa mwanga mpana unaovuja hadi kwenye chaneli nyekundu ya MitoTracker, rangi inayoonyesha mitokondria. Bila sampuli yenye nukta peke yake, ule mwingiliano wa rangi unaosifiwa ni mvujo tu.

Halafu kuna kiini cha seli. Fomaldehidi, inayotumika kugandisha seli kabla ya picha, huharibu utando, chembe zilizokuwa zimefungiwa ndani ya endosomu (vifuko vinavyomeza vitu) hutoka, na zilizo ndogo za kutosha hupenya vitundu vya kiini. Piga picha seli zikiwa hai kwanza. Kama hapo kiini kilikuwa cheusi kisha kikawaka baada ya fomaldehidi, ni fomaldehidi iliyokiwasha.