Nani atatoa nyuzi?

Timu ya macho kutoka Uingereza iliondoka kijijini kwetu, upande wa Kongwa mkoani Dodoma, Ijumaa asubuhi. Kina mama waliimba, daktari akafuta machozi, wakaagana kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo waliyojifunza, gari likapotelea kwenye vumbi. Jumatano iliyofuata, bibi mmoja aliyepasuliwa kope siku mbili kabla hawajaondoka alinikuta kisimani. Nilikuwa mkalimani wao, kwa hiyo swali lake lilinihusu: "Mjukuu wangu, yule daktari anarudi lini anitoe hizi nyuzi?"

Nyuzi za hariri hutolewa baada ya wiki moja hadi mbili. Tarehe za safari zilipopangwa, hakuna aliyehesabu siku hizo.

Wasioujua ugonjwa wa vikope, au trakoma, wajue kwamba ni maambukizi ya bakteria yanayoenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto. Yakijirudia miaka na miaka, kope huota makovu kwa ndani, hugeuka, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Mwisho wake ni upofu. Bibi yule alitembea na kibano kwenye pindo la khanga. Kila baada ya siku chache mjukuu wake alimng'oa nywele moja moja, pale mlangoni penye mwanga.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema wageni wa wiki mbili wabaki kwao na nauli zao zitumwe zisaidie. Kwa bibi huyu, upasuaji wa muda mfupi ulimaliza mateso ya miaka. Nauli ya kwenda Mvumi, kwenye hospitali ya Kanisa Anglikana inayosifika kwa macho, hakuwa nayo, wala mtu wa kumpeleka. Mwenye jicho linalochoma usimwambie asubiri mipango ikamilike.

Lakini wanaolalamika nao wana hoja, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Upasuaji wa kope zilizogeuka haumhitaji daktari bingwa. Muuguzi aliyefundishwa vizuri anaufanya, na anaufanya salama. Tena kope hizo zinaweza kugeuka upya baada ya miezi au miaka, hivyo mgonjwa anahitaji mtu wa kumwangalia tena. Muuguzi wetu alishinda siku zote za kambi akipanga foleni na kubeba maji. Hakushika kisu hata mara moja. Walipoondoka alibaki na daftari la wagonjwa lililojaa vifupisho vya Kiingereza, tukakaa naye jioni nzima tukitafuta nani alipasuliwa jicho lipi.

Shuleni ilikuwa hivyo hivyo, japo kwa uchungu mdogo. Kijana wao alifundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza, watoto ambao miaka yote ya msingi walisoma kwa Kiswahili na sasa hata biolojia inawajia kwa lugha ngeni. Walimpenda, wakathubutu kuongea. Ila mada aliiacha katikati, na mwalimu wao akalazimika kuanza upya.

Wapo wageni waliotufaa kweli, na tofauti yao haikuwa wema wa moyo, maana wema wote walikuwa nao. Hapa hapa Kongwa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na wenzao Watanzania walijenga kazi ya miaka mingi. Utafiti wao kuhusu kunawa uso ulichapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet. Ulionyesha kuwa vijiji vilivyopewa dawa pamoja na uhamasishaji wa kuwanawisha watoto vilikuwa na watoto wachache zaidi wenye trakoma kali kuliko vilivyopewa dawa tu. Jambo hilo halionekani kwa mtu anayekaa siku kumi. Huonekana kwa anayekwenda kwao, akarudi, akamkuta mtoto yule yule amekua.

Nyuzi za bibi alizitoa muuguzi wetu, kwenye benchi la zahanati, kwa mkasi mdogo aliouchemsha. Bibi hakutikisika.

Baadaye daktari aliniandikia kutoka kwao. Alisema tangu arudi nyumbani analala vibaya akiwafikiria, akauliza bibi anaendeleaje na watuletee nini safari ijayo. Nilimwambia ukweli: jicho la kulia zuri, la kushoto nywele mbili zimerudi. Boksi moja la dawa waliloacha tunashukuru, ila wasituletee nyingine kabla hawajatuuliza. Aje yeye, kwa wiki nne, na tiketi ya ndege ya kurudi aikate baada ya nyuzi za mgonjwa wa mwisho kutolewa. Na kisu akiache mkononi mwa muuguzi, yeye asimame pembeni amwelekeze.