Paka mzee haringii chakula, meno yanamuuma

Watu wanaojua nafuga paka wazee huwa wananiuliza swali lile lile: paka wangu kaacha kula, nimpe chakula gani? Ukimhoji vizuri huyo mtu unakuta ameshabadilisha chakula mpaka kachoka, kile kikavu kimegomewa, cha kopo analamba mchuzi anaacha nyama, kuku wa kuchemsha kaguswa kidogo tu, yani kila kitu kipya kinaliwa siku ya kwanza halafu basi. Mimi siku hizi hata siulizi anakula nini. Nauliza anakulaje, kaa umwangalie akiwa kwenye sahani mwanzo mpaka mwisho, manake jibu huwa liko hapo.

Paka ambaye hana hamu ya kula atanusa, au hata hanusi, anaenda zake kulala. Wa meno ni tofauti kabisa, huyo ANATAKA kula. Ukifungua kopo anakuja mbio, anajisugua miguuni, anapiga kelele, unamwekea, anainama, halafu anasita. Anachukua tonge anainamisha kichwa upande mmoja na kutafunia huko huko, tonge linadondoka, analiokota tena, linadondoka tena. Kuna wanaoruka nyuma na kuifokea sahani kama imewauma. Kuna ambao taya linawatetemeka wakiguswa karibu na mdomo. Na kuna wajanja wanaomeza punje nzima nzima bila kutafuna kabisa, hawa ndo wanaodanganya watu sana kwa sababu bakuli linaisha na mwenye paka anaona mambo safi. Ongezea udenda, wakati mwingine una damu, mdomo unanuka, na manyoya ya mgongoni yameanza kushikana mabonge kwa sababu kujilamba nako kunauma.

Sasa ukiwaambia watu hayo wanakujibu "ah, kazeeka tu huyo". Hili jibu silipendi hata kidogo. Uzee haumfanyi mtu aifokee sahani. Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa kuficha maradhi paka hana mpinzani, anaweza kuishi na jino bovu muda mrefu sana na wewe ukaona tu kwamba siku hizi ametulia.

Tatizo lenyewe liko hivi. Paka mzima ana meno 30, na yale ya pembeni ni ya kukatia nyama kama mkasi, hasagi chakula kama sisi. Ugaga ukijaa fizi zinavimba, zinajitenga na jino, mzizi unalegea, usaha unaingia, hiyo ni ya kawaida na wengi wanaijua. Ila kuna ugonjwa mwingine ambao paka wanaupata sana na watu wengi hawajawahi kuusikia, ambapo seli za mwili wa paka mwenyewe zinaanza kulila jino, mara nyingi pale shingoni mwake karibu na fizi. Jino linatoboka, fizi inapanda kuziba tundu, ukichungulia unaona kadoa kekundu tu ukadhani sio kitu kumbe kwa chini mshipa wa fahamu uko wazi. Halafu kuna paka ambao mdomo mzima unawaka, fizi mpaka kule nyuma kooni nyekundu kama kidonda kibichi, hao hata kupiga mwayo ni shida. Ndo maana daktari wa wanyama akisema anataka eksirei ya meno usimwone anakuongezea bili, sehemu kubwa ya jino iko ndani ya fizi na kwa macho huioni.

Haya, ila daktari utamwona kesho au keshokutwa na paka anatakiwa ale leo. Mimi naanza na harufu. Paka hata utamu wa sukari hauonji, kinachomvuta kwenye chakula ni pua zaidi kuliko ulimi, na akizeeka pua nayo inachoka. Chakula kilichotoka kwenye friji hakina harufu ya maana halafu ubaridi wenyewe unachoma jino. Kwa hiyo pasha kifikie joto la mwili wake, kama nyuzi 38 hivi, na ukitumia maikrowevu koroga vizuri kisha jaribu kwa kidole, kuna sehemu inakuwa ya moto kali katikati na akiungua mara moja hakurudii tena hicho chakula.

Baada ya hapo ni ulaini, na hapa nina ugomvi kidogo na ushauri wa "mpe chakula laini" kwa sababu laini ziko aina nyingi. Vile vipande ndani ya mchuzi sio laini kwa paka mwenye jino bovu, anatakiwa bado avishike na kuvivuta. Anachotaka yeye ni kitu cha kulamba. Chukua chakula cha paka cha kopo, weka maji ya uvuguvugu, piga blenda mpaka kiwe kama uji usiokuwa na bonge hata moja. Wengine wanataka kizito kidogo, wengine chepesi, jaribu vyote. Ukitumia supu ya kuku au ya nyama hakikisha haina kitunguu wala kitunguu saumu hata cha unga, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Maziwa usitegemee, paka wengi wakubwa yanawaharisha. Na kama anakubali samaki tu au kuku tu, sawa kwa siku moja mbili za kumnasua, ila sio chakula kamili, atakosa vitu muhimu, rudi taratibu kwenye chakula kilichotengenezewa paka.

Sahani iwe bapa, sio bakuli lenye kuta la kumlazimisha aingize mdomo mzima. Inyanyue kidogo kutoka chini kwa sababu wazee wengi shingo na viungo pia vinauma. Kiasi kidogo mara nyingi, kisipoguswa kwa nusu saa ondoa, lete kingine baadae, usimwache akae na chakula kilichopoa kinachonuka vibaya. Na jamani msimzunguke familia nzima kumkodolea macho, mwache ale kwa amani.

Kuna kitu nakikataa kabisa, kumficha dawa ndani ya chakula cha paka ambaye tayari ana wasiwasi na chakula. Akigundua uchungu mara moja unakuwa umepoteza chakula hicho, labda milele. Kumlisha kwa nguvu kwa bomba la sindano nako sikupendi, kinaweza kuingia kwenye mapafu, na paka anajifunza kwamba chakula maana yake ni kukabwa. Bora hata mpira wa kulishia ambao daktari anaupitisha shingoni. Ukiusikia unaogopa lakini paka wanauvumilia vizuri kuliko tunavyofikiria sisi, na dawa zinapita humo humo bila vita.

Kuhusu muda wa kusubiri msimamo wangu ni mkali, saa 24 bila kula kitu kabisa unapiga simu. Paka akikosa chakula siku chache mwili unapeleka mafuta kwenye ini kwa wingi mpaka ini linashindwa kazi, na paka wanene ndo wako hatarini zaidi. Kwa hiyo ule usemi wa "akisikia njaa atakula mwenyewe" kwa paka unaweza kuua, akisikia njaa na mdomo unauma hatakula.

Na paracetamol HAPANA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja, kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua, na ibuprofen na aspirini msijaribu pia. Dawa za maumivu za paka zipo, daktari anaweza kumwandikia meloksikamu akiwa ameangalia figo kwanza, au buprenofini ambayo unaidondoshea tu mdomoni ikanyonywa na ngozi ya ndani ya shavu. Kwa hamu ya kula kuna mirtazapini, Marekani tangu 2018 wameiruhusu ya kupaka ndani ya sikio la paka. Ila kumpa dawa ya hamu paka mwenye maumivu bila kumtuliza maumivu kwanza mimi naona ni ukatili kidogo, unamwongezea njaa ambayo hawezi kuishibisha.

Paka wangu mkubwa, nyumbani tunamwita Bibi, ilipofika zamu yake ya kung'olewa meno mabovu mama yangu alinisihi kweli kweli. "Mwanangu, huyo kazeeka, ukimpiga nusu kaputi hataamka, mwache amalizie siku zake." Nikamwambia mama, huko kumalizia siku zake ndo kukaa na njaa mbele ya sahani? Namuelewa lakini, nusu kaputi kwa mzee inatisha kweli. Ila daktari makini haendi kichwa kichwa, anapima damu, figo, presha, moyo, anamwekea dripu, na kuna mtu wa kumwangalia muda wote aliolala. Umri peke yake sio sababu ya kumnyima matibabu. Vipimo hivyo vina faida nyingine pia, manake paka mzee anayekonda anaweza kuwa na meno mabovu NA figo zilizochoka zinazomtia kichefuchefu, au ugonjwa wa tezi ya shingoni, au kisukari, na wakati mwingine uvimbe chini ya ulimi unageuka kuwa saratani. Bibi aling'olewa, na jioni ile ile alikuwa anadai uji wake.

Ambao wanaishia kwenye antibayotiki kila baada ya muda nawaonea huruma paka wao. Inapunguza usaha, paka anakula vizuri siku kadhaa, mwenye paka anafurahi, halafu mchezo unaanza upya kwa sababu jino bado lipo. Watu wanauliza atakulaje bila meno. Atakula! Kidonda cha fizi kikishapona baada ya wiki kadhaa, ulimi wa paka una miiba inayokokota chakula vizuri tu, na wapo vibogoyo wanaorudi wenyewe kwenye punje kavu. Hata wale wa mdomo mzima kuwaka, kung'oa meno ya nyuma au yote kunawasaidia wengi wao, ingawa kuna wanaoendelea na dawa.

Wapo kweli ambao hawawezi kupasuliwa, moyo umechoka sana au figo zimeisha. Huyo anabaki na dawa ya maumivu ya kila siku, sio ya siku akionekana vibaya, uji wa uvuguvugu, na mzani. Mpime kila wiki kwenye mzani wa watoto wachanga na uandike, kwa sababu paka wa kilo nne akipungua nusu kilo kwa macho huoni, manyoya yanaficha. Namba zikizidi kushuka na dawa anapata na chakula laini anapata, hapo ongea na daktari kuhusu kumpumzisha moja kwa moja, na uongee mapema kabla hajafika siku ya kushindwa hata kulamba.